Maharagwe Niliyoyachambua Njiani

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake nilikuwa wapi miezi yote ile, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa naona vipande vimeanza kugombana. Janvier anasema nilikamatwa. Mama mwenye nyumba anasema nilioa. Yote mawili yana chanzo chake, lakini si kweli. Naandika hapa mara moja. Mkimaliza kusoma, mpeane.

Masisi hadi Mweso

Niliondoka asubuhi kwenda kununua sabuni. Hilo ndilo lililokuwa lengo, na nililitimiza. Janvier alikuwa amekwisha kuloweka nguo zake na zangu katika beseni moja na ananisubiri. Mbele ya duka kulikuwa na mtu wa pikipiki anafunga mzigo. Aliniambia anakwenda Mweso na kwamba nyuma kuna nafasi. Nilikuwa na sabuni mkononi na koti mgongoni, na sikuona sababu ya kukataa. Nguo zilinijia akilini tulipokuwa kilima cha tatu.

Mnanijua. Shule niliiacha katikati ya somo kwa sababu nilisikia lori linapita na nikataka kujua limebeba nini. Lilikuwa limebeba kabichi.

Mweso tulipokewa na mvua. Nilijikinga kwenye baraza ya nyumba moja ya mbao. Mama mmoja mwenye mvi alikuwa ameketi hapo anamenya viazi, na bila kuinua kichwa aliniuliza:

“Unaenda kwa nani?”

Mnajua kwamba kule juu mtu haulizwi anakwenda wapi. Mahali ni mahali tu. Wanataka kujua nani anakungoja, na ukishataja jina la mtu wanakuelewa.

“Siendi kwa muntu, mama.”

Hapo aliinua kichwa.

“Hauna muntu mbele?”

“Hapana.”

“Na nyuma?”

Nilimfikiria Janvier na beseni. “Kidogo.”

“Sasa unaenda kufanya nini?”

“Kuangalia.”

“Kuangalia nini?”

“Bado sijajua.”

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia uani na kamba iliyokatika, akijiuliza ni wa nani. Kisha akasema, “Ingia, kula.”

Tulikula bugali na maharagwe na mboga ya lengalenga. Nawaambia juu ya maharagwe hayo kwa sababu nilifanya kazi miaka miwili Sake, katika dipo, ghala la mazao, nikichambua maharagwe kwa rangi kabla hayajapelekwa Goma. Siwezi kuona sahani nisiitazame kama mzigo. Katika sahani ile kulikuwa na rangi saba: mekundu, ya njano, meupe, ya madoadoa, ya kahawia, ya zambarau, na meusi madogo yenye mikunjo, yale tuliyoyaita taka.

Mama huyo aliitwa Mama Faida. Tulipomaliza kula alileta mfuko wa kitambaa cha kitenge, umefungwa mdomo kwa ugomba, ganda kavu la mgomba, na kuuweka kati yetu.

“Niko na mudogo yangu kule Mpofi. Bananiita Mama Faida, yeye banamwita Mama Neema. Tulikimbia siku moja, miye na mama yetu njia hii, yeye njia ile. Tuligombana pale pale ku makutano, njia gani iko muzuri. Mama alifia mu njia yangu. Tangu siku ile, miaka sita, hajaniomba kitu. Hata chumvi. Hata habari.”

“Na sasa?”

“Sasa ametuma batu. Anasema anataka mbegu ya mama.”

Alipapasa mfuko.

“Hii njo ya mama. Mvua imesha anza, hawezi kungoja. Weye hauna muntu mbele. Sasa uko naye.”

Nilikubali. Sikuwahi kupewa mtu kwa urahisi namna hiyo.

Nilipokuwa nikivuka kijito cha uani alinifuata hadi kwenye maji. “Umupatie vile iko,” alisema. “Unasikia, kaka? Vile iko.”

Nilisikia. Nilidhani maana yake ni kwamba nisiyale.

Kalembe

Kutoka Mweso hadi Kalembe nilipata lori lililobeba madumu matupu ya njano, linakwenda Walikale kutafuta mafuta ya mawese. Dereva alikuwa mzee mfupi, Papa Safari, mtu wa sala, aliyeamini kwamba kitu ukikitaja kinakuja. Kwa hiyo hakutaja kukwama, wala pancha, wala watu wabaya. Akiona daraja limeoza alisema, “Mbao zinapumzika.”

Kalembe tulilala kwa mkulima mmoja aliyemfahamu. Mke wake aliutazama mfuko wangu wa kitenge, ugomba uliofungwa vizuri, kisha akanitazama mimi. Aliniletea kiti chenye mgongo. Wenzangu wa kwenye lori walipewa vigoda.

Alinipa ndizi za kupika na kipande cha jibini, kikubwa kuliko cha Papa Safari. Alipoleta maji ya moto ya kuoga, na baada yake kitana, nilianza kuhisi kuna jambo.

“Papa Safari, juu ya nini bananihangaikia hivi?”

“Mwanaume akibeba mbegu mu kitenge anaenda kwa bakwe,” alisema akitafuna. “Banafikiri unaenda kuoa.”

“Nibaambie hapana?”

“Umesha kula jibini?”

“Ndiyo.”

“Basi nyamaza.”

Asubuhi yule mama alinishika mikono yote miwili na kuniombea watoto. Nilisema amina. Hapo ndipo ilipotoka habari ya ndoa yangu. Nadhani ilinitangulia kufika Masisi.

Shimo

Mbele ya Kalembe milima inaanza kushuka, hewa inapata joto, na udongo unabadilika. Saa tano lori liliingia katika shimo ambalo sikuona upande wake wa pili. Likazama hadi kwenye ekseli.

“Imekwama,” nilisema.

“Hapana,” alisema Papa Safari akishuka. “Inapumzika.”

Ilipumzika siku hiyo na siku iliyofuata. Wanaume walichimba kwa zamu, wakarundika udongo kando ya njia, mvua ikaurudisha nusu. Tulikula jibini, kisha biskuti, kisha tukazungumza juu ya jibini. Zamu yangu ilipokwisha nilikaa juu ya lile rundo la udongo chini ya turubai, na sikuwa na la kufanya isipokuwa kuutazama mfuko.

Niliufungua nione mbegu zimelowa au la. Hazikulowa. Lakini jinsi zilivyokuwa! Rangi saba zimevurugika pamoja, ndefu na za mviringo, na zile taka nyeusi zimetapakaa humo ndani kama mavi ya mbuzi. Nilimhurumia Mama Neema. Nilimwona kichwani ameinama na macho yake ya utu uzima, anachambua siku nzima, kabla hajapanda hata moja. Mikono yangu ilianza kabla sijaamua.

Papa Safari alikuja kusimama juu yangu.

“Unafanya nini?”

“Ninachambula.”

“Ni yako?”

“Ya mama moja.”

“Alikutuma uchambule?”

“Hapana. Ninamusaidia tu.”

Alifikiri. “Iko muzuri kwa macho,” alisema, akaenda kuniletea sashe za biskuti, vile vifuko vitupu vya plastiki.

Nilizijaza sashe sita, nikazifunga fundo moja moja, kila rangi peke yake. Kwenye dipo ningepongezwa. Nyeusi zilibaki kwenye kiganja, konzi mbili hivi, ndogo, zimekunjamana. Sake tulikuwa tunazitupa mlangoni kwa sababu zinaufanya mchuzi kuwa mweusi na mnunuzi hazitaki. Nilizitupa nyuma yangu, juu ya udongo. Kisha nikapanga sashe ndani ya mfuko na kufunga ugomba kama ulivyokuwa.

Nilijisikia mtu mwema. Nawaambia hili kwa sababu sijisikii hivyo mara nyingi, na sasa ikinitokea huwa nasimama kwanza na kutazama nimefanya nini.

Siku ya tatu asubuhi lori bado lilikuwa linapumzika. Niliaga, nikaanza kutembea.

Baria

Baria ilikuwa kamba iliyokatiza njia, imefungiwa chupa tupu za plastiki ili ilie ikiguswa. Aliyeilinda alivaa buti za mvua na koti la suti, na bunduki yake aliiegemeza kwenye mgomba. Watu wote waliofika saa hiyo aliwapanga. Wa soko, upande wa kushoto. Wenye ndugu mbele, upande wa kulia. Kila mmoja alimuuliza anatoka wapi na baba yake anaitwa nani, na jina likitoka alijua ampeleke wapi. Watu walikwenda upande wao. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Nikafika mimi.

“Unaenda kwa nani?”

“Kwa Mama Neema, Mpofi.”

“Ni nani yako?”

“Haiko wangu. Ninamupelekea mbegu.”

“Ni nani alikutuma?”

“Yaya yake, ule dada mukubwa, Mweso.”

“Na yeye ni nani yako?”

“Nilikula kwake mara moja.”

Alinitazama. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu, na mwenyewe nilisikia jinsi unavyonuka.

“Muntu anabebea batu bengine mbegu, hata haiko wa kwabo?” Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaninyooshea kidole katikati, chini ya mti mmoja mwembamba, mahali ambapo hapakuwa na mtu. “Weye, kaa pale.”

Nilikaa pale siku mbili. Huko ndiko kukamatwa kwangu, Janvier. Sikufungwa, sikupigwa. Nilipewa mihogo ya kuchemsha na nilitumwa kuteka maji. Wa kushoto waliondoka, wa kulia waliondoka, wengine wakaja wakapangwa, nami niliendelea kuwa upande wangu peke yangu.

Siku ya kwanza jioni alikagua mfuko. Alizitoa sashe moja moja na kuziweka mstari juu ya gogo. Uso wake ulibadilika.

“Njo weye uliifanya hivi?”

“Ndiyo, shefu.”

“Kila moja ku sehemu yake.” Alisogeza ile ya njano kidogo ili iwe sawa na nyingine. “Muzuri. Muzuri sana. Weye uko muntu ya kazi.”

Alikuwa mtu wa kwanza kuisifu kazi ile, na wa mwisho. Nilimshukuru, lakini usiku ule sikulala vizuri na sikujua kwa nini.

Aliyenitoa ni Mama Vumilia, mchuuzi wa chumvi na samaki wakavu, ambaye hupita pale kila wiki kati ya Mpofi na Mweso. Alinikuta nimekaa katikati akauliza mimi ni wa nini. Yule mlinzi akamweleza.

“Mbegu ya Mama Neema?” Alitua beseni chini. “Ni weye? Ule mama ana wiki tatu, kila muntu anapita anamuuliza: haukuona muntu na maharagi? Shamba amesha lima, limekaa hivi, mvua inalipiga. Na weye umekaa hapa unakula mihogo?”

“Nimezuiliwa, mama.”

“Nani anakuzuia? Huyu?” Alimgeukia mlinzi. “Weye si ni mutoto ya Mama Kahindo wa kule ng’ambo? Mamako anajua unafungia batu njia juu ya maharagi?”

Mlinzi alitazama buti zake. Kamba ikashushwa, chupa zikalia.

Mpofi

Mpofi kuna joto na michikichi, na msitu unaanzia nyuma ya majiko. Nyumba ya Mama Neema niliijua kwa shamba: limelimwa, matuta yamenyooka, tupu kabisa, na maji ya mvua yamesimama kati ya matuta. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na paji la uso la dada yake na namna yake ya kutazama. Hakuniuliza ninakwenda kwa nani.

“Ilifika,” alisema.

Alinipa maji, akanikalisha, akatandika mkeka, akanawa mikono. Nilidhani ananawa ili tule. Alinawa kwa ajili ya mfuko. Aliufungua ugomba polepole bila kuukata, akaukunja, akauweka kando. Kisha akatia mkono ndani.

Alitoa sashe ya kwanza, ya mekundu. Akatoa ya meupe. Akatoa zote sita, akazitazama mkekani, akapindua mfuko na kuukung’uta. Hakikuanguka kitu.

“Yaya alisema nini?” aliuliza.

Nilifurahi kwamba ujumbe ninao na sijausahau.

“Alisema nikupatie vile iko.”

“Vile iko.”

“Ndiyo. Alirudilia mara mbili.”

Aliinamisha kichwa. Alianza kurudisha sashe mfukoni, kwa adabu, kama mtu anayerudisha vyombo vya jirani.

“Nimesikia,” alisema. “Kesho utamurudishia. Umwambie nimeona.”

“Mama, iko na kasoro?”

“Haiko na kasoro. Ameongea wazi.” Alifunga ugomba. “Weye hauko wa kwetu, haujui. Mbegu ya mama haichambuliwake. Ukiolewa, unapewa vile iko, zote pamoja. Ukihama, unabeba zote pamoja. Batu banachambula siku banamaliza undugu. Kila moja na yake. Nilizani labda kwa sasa… Lakini iko sawa. Mama alifia mikononi mwake, haikukuwa mikononi mwangu. Ana haki.”

Nje mvua ilikuwa inaanza. Nilitazama zile sashe za biskuti na kwa mara ya kwanza niliziona kama yeye alivyoziona.

“Mama,” nilisema, “ni miye.”

“Ni weye nini?”

“Ni miye nilichambula. Ku njia. Kamio, ile lori, ilikwama, sikukuwa na kazi, nilifanyaka mu dipo Sake. Nilitaka kukusaidia.”

Alinitazama kwa huruma. Hilo lilikuwa baya kuliko hasira.

“Uko muntu muzuri,” alisema. “Unamuficha yaya yangu. Lakini acha.”

“Ninaapa.”

“Hakuna muntu anaweza kufungua mbegu ya muntu mwengine, kuichambula, bila kutumwa. Hakuna.”

Nilieleza tena. Nilieleza shimo, turubai, Papa Safari, sashe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyofanana na mwongo mwenye moyo mzuri. Alikuwa ameshanyanyuka kwenda jikoni alipogeuka.

“Na ile nyeusi?”

“Nyeusi gani?”

“Ndogo, ya mikunjo.”

“Ile ya taka? Nilitupa.”

Alikaa chini.

“Ulitupa?”

“Mu njia. Pale ku shimo.”

Aliupapasa ule mfuko. Kisha alianza kucheka, lakini machozi yalikuwa yanamtoka, kwa hiyo sikujua nimfuate kwa lipi.

“Basi haikukuwa yaya,” alisema. “Yaya anaweza kunichukia mpaka kufa. Ile hawezi kutupa. Hawezi.” Alijifuta kwa ncha ya kitenge. “Unajua juu ya nini niliomba mbegu? Hapa mvua ni mingi. Nyekundu inaoza, nyeupe inaoza. Nimepanda ya soko mara tatu, inaoza. Ile nyeusi njo inabakiaka. Wakati tulikuwa batoto, mwaka mvua ilipita kipimo, tulikula ile peke yake mpaka meno yakakuwa nyeusi. Nilitaka ile.”

“Juu ya nini haukuomba ile tu?”

“Nimesha kwambia. Hauombake moja. Ukiomba moja, ni weye sasa unachambula.”

Basi. Alikuwa amerudishiwa dada yake na kunyang’anywa mbegu katika dakika moja, na vyote viwili nilivifanya mimi.

Shimo tena

Niliondoka alfajiri. Kwenye baria yule wa buti aliponiona alishusha kamba kabla sijafika, nadhani kwa sababu ya mama yake.

Mchana ulikuwa unaisha nilipofika. Lori lilikuwa pale pale, ila sasa kulikuwa na kamba ya nguo kutoka kioo cha kando hadi kwenye mti, na Papa Safari alikuwa anapika.

“Umerudi,” alisema. “Ungali unatafuta usafiri?”

“Hapana. Ule udongo uko wapi?”

“Udongo gani?”

“Wenye nilikalia.”

Aliunyooshea kwa mwiko. Nusu ya rundo haikuwepo. Walikuwa wameanza kuurudisha shimoni, na wanaume wawili walikuwa wamesimama na makoleo kwenye nusu iliyobaki. Nilipiga kelele. Nilikuwa sijawahi kupiga kelele kwa ajili ya kitu ambacho si changu. Walisimama, nadhani wakidhani nimeona nyoka.

Nilipiga magoti. Siku sita za mvua na joto. Upande wa nyuma, karibu na magugu, udongo ulikuwa umepasuka mahali pengi, na katika kila ufa kulikuwa na shingo nyeupe imejikunja, bado imebeba kichwani ganda lake jeusi lenye mikunjo.

“Ni nini?” aliuliza Papa Safari.

“Maharagi. Musiguse.”

“Ile uliita taka?”

“Ile.”

Alizitazama. “Ilikuwa inapumzika,” alisema.

Hawakuniachia udongo bure. Njia inahitaji udongo. Tulipatana kwamba nichimbe mwingine kando, kiasi kile kile, na nilichimba hadi giza na tena asubuhi. Papa Safari alikata dumu la njano kwa urefu likawa kama mtumbwi. Kwa vidole niliwahamisha humo wale wachanga wa maharagwe, mmoja mmoja, kila mmoja na tope lake. Walikuwa kumi na wanne. Wengine walikuwa chini ya lori, na huko sikutazama.

Saa nne lori lilitoka shimoni. Tulishangilia wote. Lilikwenda hatua kama thelathini, likazama.

“Sasa inapumzika hapa,” alisema Papa Safari, akaenda kuhamisha kamba ya nguo.

Mpofi, mara ya pili

Nilitembea siku hiyo na nusu ya iliyofuata, dumu kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Watu niliokutana nao hawakuniuliza kitu. Walitazama ndani, wakaona tope na majani mawili mawili, wakanipisha.

Kwenye baria yule mlinzi alichungulia.

“Unaenda kwa nani?”

“Kwa Mama Neema.”

“Na hii?”

“Maharagi.”

Aliyatazama yalivyosimama ovyo. “Safari hii haukupanga,” alisema, kama aliyevunjika moyo.

Mama Neema alikuwa ameketi mahali nilipomwacha. Nilitua dumu mbele yake. Alipitisha kidole chini ya kila shingo. Watatu walikuwa wamevunjika.

“Kumi na moja,” alisema.

“Inatosha?”

“Mama yetu alianza na sita.” Alinyanyuka. “Kuya.”

Tuliwapanda mvua ikinyesha, karibu na ukuta wa jiko, mahali penye mteremko. Kisha alileta ungo mpana, akafungua sashe zote sita mwenyewe, moja baada ya nyingine, akazimimina humo. Kisha akanisukumia ungo.

“Changanya.”

Nilitia mikono. “Mpaka saa gani?”

“Mpaka usiweze tena kuchambula.”

Nilichanganya kwa muda mrefu. Mnajua jinsi mikono yangu ilivyozoea. Ilikuwa inazitafuta rangi yenyewe, nami naizuia. Hatimaye ilichoka, na katika ungo hapakuwa na kazi ya mtu, palikuwa na maharagwe tu.

Alinionyesha chumba cha nyuma. Kitanda cha mianzi, dirisha linalotazama wale kumi na mmoja, paa la majani lisilovuja isipokuwa pembeni. Nilisema nitalala siku moja au mbili.

“Kuku za jirani zinapenda majani mupya,” alisema. “Utalinda mpaka izae.”

“Ni muda gani?”

“Muvua yote.”

Sikuwa nimewahi kukaa mahali mvua yote. Niliingiza mkono kwenye koti nikamkabidhi kitu pekee nilichokuwa nacho.

“Sabuni?” alisema. “Ya nini?”

“Nilitumwa kuinunua.”

“Nani alikutuma?”

“Rafiki yangu Janvier. Ananingoja.”

Alinusa sabuni, akaiweka juu ya rafu, karibu na ule ugomba uliokunjwa. “Basi uko na muntu,” alisema.

Nikiwa nimevua viatu nilisikia beseni linatuliwa nje. Alikuwa Mama Vumilia wa chumvi na samaki, yuko njiani kupanda Mweso, anauliza kama kuna ujumbe. Nilisimama nyuma ya mlango. Nilitaka kusikia nitakavyoshtakiwa.

“Umwambie yaya mbegu ilifika,” alisema Mama Neema.

“Ataniuliza ilifika namna gani.”

Nilisikia anausogeza ungo.

“Umwambie ilifika vile iko.”

“Na ule muntu ndani? Ku njia bananiuliza alikuya kwa nani.”

“Alikuya kwa miye,” alisema Mama Neema. “Anikatie kuni, yuko wapi?”

Nilivaa viatu tena.